Tiba ya Mtume (S.A.W.) Haianzii kwenye Hijama

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ukisimama nje ya msikiti siku ya Ijumaa hapa Mbale, aghlabu utaona meza ya dawa. Juu yake kuna chupa za mafuta ya habasoda, asali, vifurushi vya unga, na karatasi yenye namba ya simu ya mtu wa hijama. Kwenye chupa yameandikwa maradhi inayoyatibu, na orodha hiyo mara nyingi ni ndefu kuliko chupa yenyewe: kisukari, presha, pumu, vidonda vya tumbo, ugumba, saratani. Wanafunzi wananunua, na siwalaumu. Wengi wetu tumetoka Kenya, Tanzania, Rwanda au Kongo, tuko mbali na wazazi, foleni ya hospitali inakula siku nzima, na mwenye meza anatupokea kwa salamu yetu na kutuita ndugu.

Mimi naamini kuwa asali ni shifaa, kwa kuwa Qur'ani imesema hivyo katika Suratun-Nahl, aya ya 69. Naamini hadithi za hijama na habasoda, kwa kuwa ziko katika Sahihi za Bukhari na Muslim. Ninachotaka tukisome leo ni mpangilio. Sunna ya Mtume (S.A.W.) katika afya ina mwanzo, ina kati na ina mwisho, na sisi wengi tumeishika kutoka mwisho. Tunalala saa tisa usiku, tunashindia soda, kisha Jumamosi tunakwenda kutolewa damu mgongoni na kusema tumehuisha Sunna. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakaacha dawa za hospitali, na hao ndio hasa walionifanya niandike darsa hii.

Tumbo kwanza

Ibn al-Qayyim (aliyefariki mwaka 751 Hijria) ndiye mwanachuoni ambaye maneno yake husomwa zaidi katika mlango huu. Kile kinachouzwa madukani kama kitabu cha tiba ya Mtume ni sehemu ya kitabu chake kikubwa, Zad al-Ma'ad. Ukikisoma kwa utaratibu utaona kuwa kabla hajafika kwenye asali na hijama ametanguliza mazungumzo ya kula kupita kiasi. Anaeleza pia kanuni ya matabibu wa zamani: ugonjwa unaoweza kuondoka kwa chakula usiukimbilie kwa dawa, na unaoondoka kwa dawa moja usiurundikie dawa nyingi.

Msingi wake ni hadithi ya al-Miqdam bin Ma'dikarib (R.A.), iliyopokewa na Tirmidhi na Ibn Majah. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, kwamba matonge machache ya kumsimamisha mgongo yanamtosha, na kama hana budi kuzidisha, basi agawe tumbo mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Tunaihifadhi sote tangu madrasa. Swali ni nani kati yetu ameshaitumia katika chumba cha kulia cha chuo.

Tazama siku ya mwanafunzi wa kawaida. Asubuhi hali kitu kwa sababu ameamka kipindi kimeshaanza. Saa nne anapata chai yenye sukari vijiko vinne na mandazi mawili. Saa nane mchana ana njaa ya kuumiza, anajaziwa sahani ya posho mpaka maharage yanakosa pa kukaa, anaimaliza, kisha anasinzia katika kipindi cha alasiri. Usiku ni roleksi, chapati iliyokunjiwa mayai, au kikomando, na soda ya kuteremshia. Hapo fungu la pumzi liko wapi?

Chukua soda peke yake. Chupa ya mililita 300 ina sukari takriban gramu 30, karibu vijiko vidogo saba. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 hivi kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwa chini ya 25 ni bora zaidi. Kwa hiyo soda moja na ile chai ya saa nne vimekwisha kulipita fungu lililo bora, na bado hujanunua kinywaji cha kuongeza nguvu cha usiku wa mtihani. Mtu anayekunywa hivyo kila siku halafu ananunua mafuta ya habasoda ili "kusafisha damu" amefanya biashara mbaya.

Wala sisemi mtu anunue vyakula vya matajiri. Posho na maharage ni chakula kizuri, kwa kuwa mahindi na maharage yanakamilishana katika protini. Kinachokosekana ni mboga. Na katika mji ulio chini ya mlima Elgon mboga si tatizo. Sukuma wiki, dodo, nakati, maparachichi na ndizi hushuka kutoka mlimani kila asubuhi, na fungu la dodo halifiki bei ya soda. Punguza posho theluthi moja, weka mboga mahali pake, kunywa maji. Hiyo nayo ni tiba ya Mtume, ingawa haina mtu wa kuitangaza kwa kipaza sauti kwa sababu haina faida ya kuuza.

Kuhusu saumu za Jumatatu na Alhamisi nitasema kwa ufupi: ni ibada kabla ya kuwa afya, na mwenye kuzifunga kisha akafuturu kwa sambusa kumi hajafanya lolote kwa mwili wake. Mwenye kisukari au vidonda vya tumbo amuulize daktari kabla ya kuzianza.

Usingizi, sunna tuliyoitupa

Hapa nataka tukae kidogo, maana hakuna sunna ya afya ambayo wanafunzi wameiacha kama hii. Abu Barza al-Aslami (R.A.) amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alichukia kulala kabla ya swala ya Isha na kuzungumza baada yake. Hadithi iko kwa Bukhari. Na alipopata habari kuwa Abdullah bin Amr (R.A.) anafunga kila siku na kusimama usiku wote, alimkataza, akamkumbusha kuwa mwili wake una haki juu yake na jicho lake lina haki juu yake. Tufikirie vizuri: huyo alikuwa anakesha kwa swala. Ikiwa aliyekesha kwa swala aliambiwa jicho lina haki, anayekesha kwa kutazama mpira na video fupi za simu ataambiwa nini?

Mwanafunzi atasema: lakini mimi nakesha kwa kusoma. Jibu lake lipo. Bukhari mwenyewe ameweka mlango unaohusu mazungumzo ya fiqhi na ya kheri baada ya Isha, na wanachuoni wameyatoa masomo, mgeni na familia katika karaha hiyo. Kwa hiyo ruhusa ipo. Lakini ruhusa haibadilishi maumbile ya ubongo, na wataalamu wa usingizi wanatuambia kuwa ni katika kulala ndipo ubongo unapoyapanga na kuyaimarisha yale tuliyosoma mchana. Anayesoma mpaka alfajiri anamimina maji katika mtungi uliotoboka.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa neema ambayo hatuihesabu. Nyakati za swala hapa hazihami sana mwaka mzima. Isha huingia karibu saa mbili usiku na Alfajiri karibu saa kumi na moja na nusu. Ndugu zetu wanaosoma Uingereza wana miezi ambayo Isha huingia karibu na saa sita za usiku na Alfajiri inawasubiri mlangoni. Wewe ukiswali Isha saa mbili, ukasoma mpaka saa nne, ukalala saa nne na nusu, umepata saa saba kamili kabla ya Alfajiri, na saa saba ndicho kiwango cha chini ambacho mtu mzima anashauriwa. Baada ya Alfajiri una saa mbili za utulivu, hosteli iko kimya, hata muziki wa jirani umelala. Ukizidiwa mchana, pumzika kidogo kabla au baada ya Adhuhuri. Usingizi huo wa mchana, qailula, ulikuwa kawaida ya masahaba. Dakika ishirini zinatosha. Ukifanya saa mbili, hiyo ni mambo mengine.

Hatua na usafi

Mtu mzima anashauriwa kutembea kwa haraka, au kufanya mazoezi ya kadiri hiyo, kwa muda usiopungua dakika 150 kwa wiki. Fanya hesabu. Ikiwa msikiti uko mwendo wa dakika sita kutoka chumbani kwako, kwenda na kurudi ni dakika 12. Ukienda kwa miguu swala mbili tu kwa siku, wiki inakupa dakika 168. Na kila hatua ya kuiendea swala imehesabiwa kuwa ni sadaka, kama ilivyo katika hadithi sahihi. Tumekatazwa kuikimbilia swala, tumeamrishwa kwenda kwa utulivu, basi haraka yako iweke kwenye kurudi! Ninachoshindwa kukielewa ni kijana mwenye afya kupanda boda boda kutoka hosteli hadi lango la chuo.

Juu ya usafi sina maneno mengi kwa kuwa tunaujua: mswaki (neno lenyewe tumelipata kutokana na siwak), kunawa mikono, kufunika vyombo vya chakula, kutokojoa katika maji yaliyotuama. Yote yana hadithi. Wenye jiko la pamoja hosteli watazame vyombo vyao usiku huu kabla ya kuniuliza kuhusu ulinzi wa habasoda dhidi ya kuhara.

Dawa: ni wahyi au ni ujuzi wa wakati ule?

Sasa tufike kwenye dawa zenyewe. Katika somo hili wanachuoni hawakuwa na kauli moja, na ni vizuri mwanafunzi ajue hivyo kabla hajamtuhumu mwenzake kwa upungufu wa imani.

Ibn al-Qayyim anaona tiba ya Mtume (S.A.W.) iko juu ya tiba ya matabibu kwa kuwa chimbuko lake ni wahyi. Ibn Khaldun (aliyefariki mwaka 808 Hijria), katika Muqaddima yake, ana kauli tofauti. Kwake tiba iliyonukuliwa katika hadithi ni katika desturi za Waarabu wa wakati ule, na Mtume (S.A.W.) alitumwa kutufundisha sheria, hakutumwa kutufundisha utabibu. Anatoa mfano wa tukio la uchavushaji wa mitende, pale Mtume (S.A.W.) alipowaambia watu kuwa wao wanayajua zaidi mambo ya dunia yao. Hata hivyo Ibn Khaldun anakubali kuwa mwenye kuitumia tiba hiyo kwa kutabaruku na kwa imani ya kweli hupata athari kubwa ya manufaa.

Mimi moyo wangu uko karibu zaidi na Ibn al-Qayyim, na nina wenzangu darasani walio upande wa pili. Lakini angalieni jambo hili: katika wawili hao hakuna aliyesema mgonjwa amwache tabibu. Ibn al-Qayyim mwenyewe anaeleza kuwa kutafuta matibabu hakupingani na kutawakali, kama vile kula hakupingani na kutawakali kwa mwenye njaa. Usama bin Sharik (R.A.) amepokea kwamba mabedui walimuuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, akawaamuru wajitibu, akawaeleza kuwa Allah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Na ile hadithi ya habasoda kuwa ni ponyo la kila ugonjwa isipokuwa mauti? Ni sahihi, haina shaka. Lakini al-Khattabi, miongoni mwa washereheshaji wa mwanzo kabisa wa Bukhari, aliieleza kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa maalumu, na Ibn Hajar akayanukuu maneno yake katika Fath al-Bari. Ibn al-Qayyim ameifananisha na ile aya ya Suratul-Ahqaf inayosema kuwa upepo uliotumwa kwa kaumu ya Adi uliangamiza kila kitu, maana yake kila kitu kilichokuwa cha kuangamizwa nao. Mbingu na ardhi hazikuangamia. Kwa hiyo ukimwambia muuza dawa kuwa habasoda haitoshi kwa ugonjwa fulani hujakadhibisha hadithi. Umesema waliyoyasema maimamu miaka mamia kabla hajazaliwa.

Utafiti wa leo nao umeitazama habasoda. Tafiti zilizopo, nyingi zikiwa ndogo, zinaonyesha kuwa inasaidia kwa kiasi kushusha sukari ya damu, presha na mafuta mwilini. Hiyo ni heri, na ni hatari pia: ukiitumia kwa wingi pamoja na vidonge vya kisukari, sukari inaweza kuanguka kupita kiasi. Asali inatuliza kikohozi na inasaidia majeraha ya moto yasiyokwenda ndani, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja haruhusiwi kupewa hata tone, kwa sababu ya vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti. Na kwa mwenye kisukari, asali ni sukari, hata ikisomewa.

Waliomuua kwa fatwa

Muhula uliopita, katika hosteli moja ya wasichana, mwenzetu ambaye anajidunga insulini tangu utotoni aliambiwa na muuza dawa mambo mawili: kwamba insulini inatengenezwa kwa nguruwe, na kwamba vijiko viwili vya mafuta ya habasoda asubuhi na jioni vitaiweka kongosho yake sawa. Alikuwa mcha Mungu kuliko wengi wetu. Akaiacha sindano. Siku ya pili alikuwa na kiu isiyoisha, siku ya tatu akaanza kutapika, na usiku wake alikuwa anahema kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi ina harufu ya matunda yaliyooza. Wenzake wa chumba walimbeba mpaka hospitali. Alhamdulillah, yu hai, na naandika kwa idhini yake.

Mwenye kisukari cha aina ile, kongosho yake haitoi insulini kabisa au hutoa kidogo mno. Akiacha sindano, mwili hushindwa kuitumia sukari, huyeyusha mafuta, na damu hujaa asidi. Ni siku chache tu baina yake na kifo. Ama habari ya nguruwe, ni ya zamani: insulini ilikuwa ikitolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe, lakini tangu mwaka 1982 imekuwepo inayofanana na ya binadamu, inayotengenezwa kwa kutumia bakteria au hamira, na hiyo ndiyo iliyoenea sasa. Mwenye shaka amuulize mfamasia. Na hata kama isingekuwepo ila ile ya zamani, fiqhi ina mlango mpana wa dharura, na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makubwa ya sheria.

Kisa hiki kimenikumbusha hadithi ya Jabir (R.A.) iliyopokewa na Abu Dawud. Masahaba walikuwa safarini, mmoja akapigwa na jiwe kichwani akajeruhiwa, kisha akaota akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawaoni ruhusa kwake maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika, akasema wamemuua, akawaombea dhidi yao, akaeleza kuwa dawa ya kutojua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa wanamtakia mwenzao dini iliyo kamili. Walichokosa ni elimu, na wakajibu.

Ndiyo maana sheria haikuliacha suala hili kwenye nia njema. Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi kuwa anayejifanya tabibu bila ya kujulikana kwa utabibu, dhamana iko juu yake. Ibn al-Qayyim ameisherehesha kwa urefu na kuwagawa matabibu katika mafungu matano. Stadi aliyeitendea kazi haki yake, kisha madhara yakatokea bila kosa la mkono wake, hana dhamana. Jahili aliyemhadaa mgonjwa akadhani ni mjuzi, atalipa alichoharibu. Halafu anaongeza jambo ambalo kila mnunuzi wa chupa za Ijumaa angelisoma mara mbili: mgonjwa akijua kuwa yule ni jahili na bado akamruhusu, hakuna dhamana. Maana yake mzigo umerudi kwako uliyelala kifudifudi na kumpa mgongo wako.

Kabla ya wembe

Hijama, ambayo wazee wa pwani wanaiita kuumika au kupiga chuku, Mtume (S.A.W.) aliifanya. Aliumikwa na Abu Tayba, akaamuru apewe chakula kwa ujira wake, akazungumza na mabwana zake wampunguzie kodi. Angalia kwamba Abu Tayba alijulikana kwa kazi hiyo. Na Ummu Salama (R.A.) alipotaka kuumikwa aliomba idhini, na aliyetumwa ni huyo Abu Tayba, mpokezi wa hadithi, katika riwaya ya Muslim, akasema anadhani alikuwa ndugu yake wa kunyonya au kijana ambaye hajabaleghe. Tazama walivyojali mpaka suala la sitara. Kwa tunavyojua leo, hijama inaweza kupunguza maumivu ya shingo na mgongo kwa muda, na tafiti zake bado si imara. Anayeahidi zaidi ya hapo anauza.

Hatari yake ni damu. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kubaki hai nje ya mwili, juu ya wembe au kikombe, kwa siku saba au zaidi, na havionekani kwa macho. Uganda ni nchi ambayo ugonjwa huu umo, hasa kaskazini. Chanjo yake ipo: pima kwanza, na ukiwa huna maambukizi chanjwa dozi zote tatu, usiishie ya kwanza. Mwenye selimundu, mwenye upungufu wa damu, mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda na mama mjamzito wasitolewe damu bila kauli ya daktari anayewajua. Na aliye na homa asiende kuumikwa. Akapime malaria, kipimo cha tone la damu hutoa jibu kwa dakika 15 hadi 20, na malaria ina dawa yake.

Basi ukiamua kwenda, na ni haki yako, muulize kabla hujavua shati. Amejifunza kwa nani, na kwa muda gani? Wembe ni mpya, na utaufungua mbele ya macho yangu? Vikombe ni vya kutumika mara moja, au unavichemsha na kuvisafisha vipi? Glavu ziko wapi? Wembe uliotumika unautupa wapi? Kama anaona maswali yako ni dharau kwa Sunna, ondoka. Akijibu vizuri, mueleze maradhi yako na dawa unazotumia, kisha msikilize: akikwambia uache dawa ya daktari, ondoka. Na swali la mwisho, ambalo mimi naliona bora kuliko yote: mgonjwa gani amewahi kumkatalia, na kwa sababu gani? Mtu wa kazi hii aliye na elimu atakuwa na mifano mitatu minne papo hapo, mwenye presha iliyoshuka, mwenye selimundu, binti aliyekuja hajala tangu jana. Ambaye hajawahi kumkatalia mtu, chukua viatu vyako urudi hosteli.

Wallahu a'lam.